Picha uliyolipwa kupiga ni ya nani?

Mteja anakuita Naivasha upige picha za hoteli yake mpya. Mnapatana bei kwa simu, anatuma nusu kwa M-Pesa, unashinda kazini na kumkabidhi picha 60. Miezi sita baadaye unaiona moja kwenye bango la kampuni ya utalii. Ukidai chako, unaambiwa hoteli ndiyo iliyowauzia. Ilikuwa na haki?

Kwa sheria ya Kenya, huenda ilikuwa nayo. Hapa ndipo wapiga picha wengi hushtuka tunapokutana nao kwenye mafunzo ya hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inailinda picha tangu unapoipiga, hata kama hujaisajili popote. Lakini kifungu cha 31 kinasema kazi ikiagizwa, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Hilo "isipokuwa" ndilo riziki yako.

Basi andikianeni kabla hujapokea malipo ya awali. Ukurasa mmoja unatosha kwa kazi ndogo: hakimiliki inabaki kwa mpiga picha, mteja ana ruhusa ya kutumia picha kwenye tovuti na mitandao yake kwa miaka miwili, matumizi mengine, au kumpa mtu wa tatu, yatalipiwa upya. Mteja akitaka kila kitu, mwuzie, ila bei hiyo iwe ya kuuza shamba, si ya kulikodisha. Ulinzi wa picha hudumu miaka 50, na picha nzuri ya Ziwa Naivasha inaweza kupewa leseni mara nyingi ndani ya muda huo: kalenda, jarida, kitabu cha shule.

Ulizopiga kwa hiari yako, kama vile kivuko cha Likoni alfajiri, ni zako moja kwa moja. Hata hivyo hakimiliki haikupi uso wa mtu. Mwaka 2023, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, klabu moja Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia.

Fomu za ridhaa zikae kwenye mkoba wa kamera pamoja na betri za akiba: jina, matumizi ya picha, tarehe, sahihi. Kwa mtoto, anayetia sahihi ni mzazi au mlezi.