Khattati ni mtu wa namna gani

Hapa Mwanza ukimtaja khattati wengi wanamuwaza yule fundi anayepanda ngazi msikitini na kopo la rangi ya dhahabu, anaandika aya juu ya mihrabu, analipwa chake anaondoka. Kazi yake nzuri tu, ila yule ni fundi rangi, na anaweza akawa anafuatisha mchoro aliopewa hata alifu haijui. Khattati ni mtu aliyesomea kuandika Kiarabu kwa vipimo, chini ya mwalimu, mpaka akapewa ijaza, yaani idhini ya mwalimu, na wengi wa wale wakubwa tunaowasikia walikuwa pia watu wa elimu ya dini, maimamu, mahafidhi, makadhi.

Hivyo vipimo ndo roho ya kazi yenyewe. Kalamu ni tete, na matete si ya kutafuta mbali kwa mtu wa ziwani, japo wenye fani wana sehemu zao wanakoyaagiza. Linatakiwa lililokomaa likakauka likawa gumu, lenye uwazi ndani (mafunjo hayafai kabisa, ndani yamejaa sponji). Unachonga ncha kwa kisu kikali, unaikata mshazari, halafu unaipasua katikati kidogo ili wino ushuke. Ukiigandamiza kwenye karatasi ukaivuta kidogo inatoka nukta ya pembe nne iliyokaa kwa kona, na nukta hiyo ndo rula ya khattati, alifu ya thuluthi, moja ya miandiko ya Kiarabu, kwa kawaida inahesabiwa nukta saba kwenda juu na herufi nyingine nazo zina hesabu zao. Kalamu ikiwa nene nukta inakuwa kubwa na herufi zote zinakua nayo, uwiano uko palepale, iwe kwenye karatasi ya mkononi au kwenye kuba la msikiti.

Anayetajwa kuweka mfumo huo ni Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940. Alikuwa waziri, na siasa zikamponza, akakatwa mkono wa kulia akafia gerezani. Inasimuliwa kwamba baada ya kukatwa alikuwa anafunga kalamu kwenye kigutu anaendelea kuandika.

Sasa ijaza. Kwa njia ya Waturuki mwanafunzi anaanza na dua moja, Rabbi yassir wala tuassir, Rabbi tammim bil-khair, anaiandika wee mpaka anaiota, anampelekea mwalimu, mwalimu anamsahihishia kwa wino mwekundu palepale chini ya herufi iliyopinda, anarudi nayo nyumbani anaanza upya. Inaweza kwenda miaka, na muda wote huo haruhusiwi kuweka jina lake kwenye kazi. Siku mwalimu akiridhika anamwandikia idhini chini ya kazi yake na kuanzia hapo anaweza kusaini. Kwa hiyo kila khattati ana mnyororo, nani kamfundisha na nani alimfundisha huyo, kama sanadi ya hadithi au ya kisomo. Hasan Çelebi, aliyezaliwa 1937 na kufanya kazi misikitini Istanbul, alipata ijaza kwa Hamid Aytaç, halafu yeye mwaka 1988 akampa Mmarekani, Mohamed Zakariya, ambaye ndo aliandika ile stempu ya Idi ya posta ya Marekani ya mwaka 2001.

Elimu ya dini inaingiaje hapo? Chukua Bismillahi tu. Neno la mwisho ni Rahim, lina ha katikati. Tia nukta moja chini ya ile ha inakuwa jimu, na neno linakuwa rajim (aliyelaaniwa), ambalo kwenye audhubillahi tunamwambia shetani. Nukta moja! Mtu anayenakili msahafu mzima bila kujua anachosoma ni hatari, ndo maana hatushangai kwamba khattati Mustafa Izzet Efendi, aliyefariki 1876, alikuwa imamu wa sultani wa Uthmania na akapanda mpaka akawa mmoja wa makadhi wakuu wa dola. Zile duara nane kubwa zilizotundikwa ndani ya Ayasofya, ule msikiti mkubwa wa Istanbul, zenye jina la Allah, Mtume, makhalifa wanne na Hasan na Husein, ni mkono wake, kila moja ina upana wa kama mita 7.5. Ilipogeuzwa makumbusho zilishushwa, na inasemekana hazikupita mlangoni, zikabaki humohumo mpaka zikarudishwa juu.

Na msidhani ni mambo ya Waturuki na Waarabu peke yao, Siyu kule kisiwa cha Pate, Kenya, karne ya 18 na 19 walikuwa wananakili misahafu kwa mkono, kazi safi yenye mapambo ya rangi.

Huku kwetu siku hizi kazi nyingi imehamia kwenye kompyuta, na hapo mimi ndo ninapokasirika. Unakuta bango la maulidi zuri, picha kali, halafu Bismillahi imeandikwa herufi mojamoja zimeachana, tena zinaanzia kushoto kwenda kulia, kwa sababu programu iliyotumika haijui Kiarabu na kijana wa printa naye hajui, na waliolipia hawakumwonyesha ustadhi hata mmoja kabla ya kuchapa. Mtoto wa madrasa mwenye juzuu amma mkononi angeliona hilo kosa akiwa ng'ambo ya barabara.