Kaputi si nusukaputi, wala si damu

Juzi nilikwenda kumjulia hali binti wa jirani aliyejifungua, hapa Mtwara. Nesi akapita, akasema mtoto "ana kaputi". Shangazi mtu akaangua kilio. Kaputi aliyoijua yeye ni ya nusukaputi, dawa ya usingizi. Akaja nesi wa pili kumtuliza: "Bibi, ni damu tu imevilia." Mie mkunga mstaafu nikahema, maana huyu wa pili ndiye kakosea zaidi.

Kaputi ni uvimbe wa kichwani anaozaliwa nao mtoto kwa kubanwa njiani. Basi. Neno ni la Kilatini, kichwa. La nusukaputi ni la Kijerumani, kaputt, yaani kilichoharibika. Yanakutana sikioni tu.

Sasa hiyo damu. Kaputi ni majimaji, tena yako juu juu, kwenye ngozi yenyewe. Ukibonyeza taratibu kidole kinaacha kishimo, kama kwenye unga wa maandazi. Uvimbe wake unavuka maungio ya mifupa ya fuvu, na siku mbili tatu umekwisha. Damu iliyovilia, sefalohematoma, iko chini zaidi, kati ya mfupa na utando wake. Utando huo umeshikana na kingo za mfupa, kwa hiyo damu inakaa kama maji ya jaruba: ikifika kwenye tuta, inakoma. Ndiyo maana nundu yake haivuki maungio. Mara nyingi mtoto anatoka kichwa safi, nundu inajitokeza saa kadhaa baadaye au kesho yake, kisha inakaa wiki, hata miezi. Na damu hiyo ikianza kuvunjika, mtoto anaweza kugeuka manjano. Wa kaputi tupu hatumngojei hayo.

Ipo ya tatu, aghalabu baada ya mtoto kuvutwa kwa vakyumu, kile kikombe cha kunyonya kinachobandikwa kichwani. Hii haina tuta. Damu inasambaa kutoka nyusi hadi kisogoni, uvimbe unachezacheza mkononi, sikio linasukumwa mbele. Mtoto wa kilo 3 ana damu kama robo lita tu mwili mzima. Hapo daktari anaitwa usiku huohuo.

Shangazi nikamwambia, "Hajachomwa usingizi, dada, wala si damu. Ni maji ya kubanwa. Msimkande, msimminye." Nesi nikamvuta pembeni: "Mwanangu, kabla hujasema damu, pitisha kidole kwenye maungio kwanza."