Brekidauni ni nini, na kwa nini mashabiki wa metalikoo wanagombana juu yake

Brekidauni ni kile kipande cha wimbo wa metalikoo, muziki wa magitaa mazito na sauti za kukwaruza, ambapo mdundo unakatwa nusu, gitaa linaacha kuimba, na vyombo vyote vinagonga kwa pamoja, nyuzi zikiwa zimelegezwa hadi chini kabisa. Mara nyingi hakifiki hata dakika moja. Lakini mashabiki wakipashana nyimbo na kuzipa alama, mzozo mwingi huanzia hapo. "Naupa tisa, brekidauni yake haina mfano." "Tisa ya nini? Wameibandika tu, haina sababu ya kuwepo." Asiyejua wanachozungumzia atashangaa wimbo wa dakika nne kupewa au kunyimwa alama kwa ajili ya sekunde chache namna hiyo.

Metalikoo ilizaliwa pale hadikoo, ile panki kali ya Marekani ya miaka ya 1980, ilipokutana na hevi metali. Hadikoo ilileta hasira, nyimbo fupi, na bendi kusimama karibu na watu wake bila kujikweza. Metali ilileta rifu, yaani vipande vifupi vya gitaa vinavyorudiwarudiwa, na ufundi wa vidole. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mchanganyiko huo ulikuwa tayari unapigwa na bendi kama Integrity ya Cleveland, Earth Crisis ya Syracuse na Converge ya Massachusetts. Brekidauni yenyewe ilitoka upande wa hadikoo. Bendi za New York zilikuwa na desturi ya kukata mwendo katikati ya wimbo wa kasi ili waliosimama mbele ya jukwaa wapate kucheza. Metali ikaiongezea uzito.

Aliyelelewa na muziki wa dansi hapa hahitaji maelezo marefu. Wimbo wa dansi huanza taratibu, mwimbaji anasimulia kisa chake, kisha gitaa la solo linabadilika na kila mtu anajua chemko limefika. Wakongomani wanaita sebene. Waliokaa wanainuka. Brekidauni inafanya kazi hiyohiyo ila kwa kinyume: chemko huongeza mwendo, brekidauni huupunguza. Na kama ilivyo kwenye dansi, anayefahamu muziki wake hausifii wimbo kwa sababu tu una chemko, anausifia kwa namna ulivyomfikisha hapo.

Tuiangalie kwa karibu. Hesabu moja, mbili, tatu, nne. Wimbo ukiwa kwenye mwendo wake wa kawaida, snea, ile ngoma yenye mlio mkali wa "pa!", inalia kwenye mbili na kwenye nne. Brekidauni ikiingia, snea inahamia kwenye tatu peke yake. Mara nyingi kasi ya kuhesabu haijabadilika hata kidogo, bado unaweza kugonga mguu vilevile, lakini mwili unahisi wimbo umelemewa. Mpiga gitaa anaweka kiganja juu ya nyuzi karibu na daraja la gitaa ili sauti isitambae, anagonga uzi mnene ulio wazi, na kila pigo lake linaangukia palepale inapopigwa ngoma kubwa ya mguu. Katikati ya mapigo kuna ukimya. Ukimya huo ndio unaotenganisha bendi kali na bendi ya kawaida, kwa sababu ukitaka pigo lisikike zito, lazima kabla yake pasiwe na kitu. Juu ya yote hayo toazi moja linapigwa kwa kila hesabu ili watu wasipoteze mahali walipo, na pengine gitaa la pili linashikilia noti mbili zisizopatana, zinazokera sikio kwa makusudi.

Uzito huo una vipimo. Uzi mnene wa gitaa lililopangwa kwa kawaida unatetema kama mara 82 kwa sekunde. Bendi nyingi za metalikoo huushusha hadi noti ya C, mitetemo kama 65, wengine hadi B, kama 62, na siku hizi wapo wanaoshuka mpaka A, ambayo ni 55. Gitaa la besi liko oktavu nzima chini ya hapo. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti hizo za chini. Inakupa mkwaruzo wa juu tu, na msingi wote unabaki nje. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayetaka kutoa alama ni huu: usiupe wimbo alama kwa spika ya simu. Tafuta hedifoni au sabufa, sikiliza tena, ndipo useme. Nimeona mabishano mengi ambayo chanzo chake ni kwamba mmoja kasikia wimbo mzima na mwenzake kasikia nusu ya juu.

Sasa turudi kwenye lile neno "sababu". Shabiki anaposema brekidauni haina sababu ya kuwepo, ana maana kwamba kilichotangulia hakikuiandaa. Kuna njia nyingi za kuiandaa. Bendi inaweza kupandisha kasi mpaka wimbo uonekane unakaribia kusambaratika. Inaweza kusimamisha vyombo vyote na kumwachia mwimbaji mstari mmoja apige kelele peke yake. Mstari huo ndio watu watakaoukumbuka na kuurudia ukumbini. Au inaweza kukufanya usahau kabisa kwamba kuna kitu kinakuja. Knocked Loose, bendi ya Kentucky, ina wimbo uitwao "Counting Worms", mfupi sana, umezidi dakika moja kidogo. Kabla ya brekidauni vyombo vinanyamaza na mwimbaji Bryan Garris anabweka, mbweko wa mbwa hasa, halafu uzito wote unashuka. Ukisimuliwa unaweza kuona ni utani. Ukiusikia unaelewa kwa nini ukumbi mzima unabweka pamoja naye.

Bendi hiyohiyo mwaka 2024 ilitoa "Suffocate", ikiwa na mwimbaji Poppy, na mwishoni mwa wimbo walifanya jambo ambalo bado linanifurahisha kila ninapolisikia: brekidauni inaingia juu ya mdundo wa regetoni, muziki wa Amerika ya Kilatini. Mdundo ule ule unaochezesha watu harusini na kwenye matatu, umewekwa chini ya magitaa yaliyolegezwa hadi kuzimu. Wimbo huo uliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy ya mwaka 2025 ya uimbaji bora wa metali. Ukimtumia rafiki ambaye hajawahi kusikiliza metalikoo, mwambie asubiri mpaka mwisho, na usimwambie kwa nini.

Upande wa pili wa mizani ni melodia, na hapa mashabiki wanagawanyika kweli. Katikati ya miaka ya 1990 bendi za mji wa Gothenburg, Uswidi, kama At the Gates na In Flames, zilikuwa zikipiga metali kali yenye magitaa mawili yanayoimba kwa kupatana. Vijana wa Marekani walisikia santuri zile na kuzichanganya na hadikoo yao. Killswitch Engage ya Massachusetts, kwa albamu yao "Alive or Just Breathing" ya mwaka 2002, iliweka mfano ambao wengi waliufuata: ubeti kwa sauti ya kukwaruza, kiitikio kwa sauti safi ya kuimba, kisha brekidauni. Wimbo wao "The End of Heartache" ulifika kwenye uteuzi wa Grammy mwaka 2005, ukiwa umeimbwa na Howard Jones, mwenye sauti nzito na pana ya kuujaza ukumbi wote.

Wenye msimamo mkali wanasema kiitikio cha sauti safi kililainisha muziki huu. Sikubaliani nao. Brekidauni inayokuja baada ya kiitikio kizuri inauma zaidi, kwa sababu imekuondoa mahali ulipokuwa umeanza kustarehe. Sikiliza "Circle With Me" ya Spiritbox, bendi ya Kanada. Courtney LaPlante anaanza kwa uimbaji mwororo, na mpaka wimbo unaisha amekwisha kukwaruza kwa ukali ambao hukutarajia kutoka koo lilelile. Iko video yake akiurekodi mfululizo bila kukata, na mashabiki huitumiana kila wanapotaka kumaliza ubishi kwamba sauti zile ni za kompyuta. Sauti ya kukwaruza ni ufundi wa pumzi. Mwimbaji hutumia kwa kiasi kikubwa misuli na ngozi zilizo juu ya nyuzi za sauti, akisukuma hewa kutoka tumboni. Anayekwaruza kwa kulazimisha koo hataimaliza ziara.

Alama zenyewe hutolewaje? Wengi hutoa alama juu ya kumi, na wengi wanakosea kwa namna moja: wanataja tarakimu na kunyamaza. "Saba." Saba kwa lipi? Tarakimu peke yake haimsaidii mwenzako kuamua kama autafute wimbo au auache. Alama inayofaa inataja mahali. Sema rifu ya kuingilia ni nzuri lakini umeisikia kwa bendi nyingine kumi. Sema kiitikio kimeinua wimbo. Sema brekidauni imeandaliwa na kimya cha hesabu mbili kilichokusimamisha roho. Sema ngoma zimesafishwa studio mpaka hazisikiki kama zimepigwa na binadamu. Hili la mwisho ni lalamiko la haki kwa nyimbo nyingi za miaka ya 2010, ambazo kila pigo lilinyooshwa kwa kompyuta na kila bendi ikawa na sauti ya jirani yake. Linganisha na kazi za Kurt Ballou, mpiga gitaa wa Converge, ambaye anarekodi bendi katika studio yake ya GodCity kule Salem: ngoma zake zina chumba ndani yake, unasikia kuta.

Na ni vizuri kutaja dakika. Mashabiki wazoefu hawatumi wimbo mtupu, wanatuma na maelekezo, "anzia mwanzo, ila tulia ukifika kwenye dakika ya tatu." Kumtumia mtu brekidauni peke yake, iliyokatwa, ni kumnyima wimbo. Video fupi za mitandaoni zimeeneza tabia hiyo, na zimezaa bendi zinazotunga brekidauni kwanza na kuitafutia wimbo baadaye. Unazitambua haraka: kila kitu kabla ya kipande kile kinasikika kama foleni.

Muziki huu pia haukutungwa kwa ajili ya hedifoni tu. Mbele ya jukwaa brekidauni inafungua duara, watu wanarusha mikono na miguu, wengine wanasukumana, na mtu wa nje ataona ni vita. Kuna adabu yake. Aliyeanguka anainuliwa mara moja na aliye karibu, awe ni nani. Aliyepoteza kiatu anatafutiwa. Asiyetaka kuingia anasimama pembeni na haguswi. Wimbo unaoonekana wa kawaida nyumbani unaweza kupanda alama mbili ukiusikia pale, na shabiki mwaminifu atasema wazi kwamba alama yake ni ya ukumbini.

Kwetu huku Nairobi ndiyo iliyotoa bendi ya Last Year's Tragedy, iliyopiga metalikoo kwa ukamilifu, brekidauni na yote, wakati wengi waliamini rock ya Kenya inaishia kwenye magitaa ya redio. Ukitaka kumshawishi rafiki wa Afrika Mashariki kwamba muziki huu si wa watu wa mbali, mwanzie hapo kabla ya kumpeleka Massachusetts.

Linabaki swali ambalo halijawahi kwisha kwa amani: wimbo usiotegemea brekidauni utaupimaje? Albamu ya "Jane Doe" ya Converge, ya mwaka 2001, inafungwa na wimbo wenye jina hilohilo, mrefu kupita dakika 11. Unakwenda polepole tangu mwanzo, uzito haushuki kutoka popote kwa sababu haukuwahi kuondoka, na sauti ya Jacob Bannon imezama ndani ya magitaa hata maneno hayashikiki. Wapo wanaoupa sita kwa sababu hakuna kipande cha kusubiri. Mimi naupa kumi, na sababu yangu ni dakika zake za mwisho, pale magitaa yanapopanda juu ya kilio cha Bannon na hakuna chombo hata kimoja kinachokatika kumpa nafasi. Uusikilize mzima, kwa hedifoni, usiku, halafu uniambie yako.