Baba alipigana Kagera, usiku bado anaruka kitandani: dawa hizi mpya zitamfaa?

Asalaam alaykum. Baba yuko Wete. Tangu arudi vitani 1979 mguu unamuuma, na usiku huamka akipiga makelele. Nasikia Marekani wanajeshi wastaafu wanatibiwa kwa dawa za saikedeliki, zile zinazobadilisha fikra na hisia kwa muda. Ni kweli?

Wa alaykum salaam. Ni kweli, ila nyingi ya dawa hizo bado zimo kwenye utafiti. Kwa kiwewe cha vita, inayotajwa zaidi ni MDMA. Utafiti uliochapishwa 2021 ulihusu watu 90, wakiwemo wanajeshi wastaafu, na wote walipewa tiba ya mazungumzo. Waliomeza MDMA pia, asilimia 67 dalili zilipungua hadi hawahesabiwi tena kuwa wagonjwa. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, asilimia 32. Naomba uishike hiyo 32: hao walipata nafuu bila MDMA.

Agosti 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuiidhinisha MDMA, ikataka utafiti mwingine. Australia imeiruhusu tangu Julai 2023, kwa madaktari wa akili wenye kibali maalumu tu.

Mgonjwa anameza tu?

Hapana. Kila kipindi huchukua saa nane hivi, wataalamu wawili wakiwa pembeni yake, na kuna siku za mazungumzo kabla na baada. Dawa hupunguza khofu, mtu akaweza kulitazama lile alilokuwa akilikimbia.

Na mguu?

Kwa maumivu sugu, ushahidi bado ni mchanga. Lakini asiyelala huumwa zaidi, na anayeumwa halali, kwa hiyo kuutibu usiku ni kuusaidia na mguu.

Nikimtafutia mtaani?

Usithubutu! MDMA hupandisha presha na kuuendesha moyo mbio, na baba ni mtu mzima. Akiwa anameza tramadoli, dawa ya maumivu, kwa ajili ya mguu, mchanganyiko huo unaweza kumtia degedege. Tena kisheria ni dawa ya kulevya, na ya mtaani hujui imetiwa nini.

Basi tufanyeje?

Mfuatane hospitali, na daktari asielezwe mguu peke yake. Mwelezeni na usiku. Wazee wetu hawa huona haya kusema, wakahesabiwa wakali tu, miaka arubaini na zaidi. Mkielekezwa Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili huko Unguja, jina lisiwatishe: tiba ya kiwewe ni kazi ya wataalamu wa afya ya akili.

Usiku akiruka, msimshike wala msimtikise. Washeni taa, simameni mbali kidogo, mwite kwa sauti ya chini: "Baba, ni mimi. Uko nyumbani, Wete."