RNA isiyotengeneza protini si takataka: muhogo ni shahidi

Katika shamba la mjomba wangu, nje kidogo ya Masasi, upo mche wa muhogo ambao majani yake ya chini yamekunjamana na kujaa mabaka ya manjano ya batobato, ugonjwa unaoletwa na virusi, ilhali machipukizi ya juu ni ya kijani na yamenyooka. Mjomba anaamini kwamba mvua ndiyo iliyouponya. Jibu limo ndani ya mmea wenyewe, katika RNA (molekuli za seli zinazofanana na DNA) zisizobeba maelekezo ya kutengeneza protini yoyote, ambazo wengi, hata waliosoma baiolojia, bado wanaziita takataka za seli.

Hiyo ndiyo dhana potofu inayonisikitisha zaidi. Virusi vinapozaliana ndani ya seli hutokea RNA yenye nyuzi mbili, na kimeng'enya kiitwacho Dicer huikatakata kuwa vipande vifupi vya nyukleotidi (viungo vinavyounda RNA) 21 hadi 24, na hivyo ndivyo RNA zisizotengeneza protini ninazozisema. Protini ya Argonaute hushika kipande kimojawapo, hukitumia kuitambua RNA ya virusi inayooana nacho, kisha huikata. Ishara hiyo hupita seli hadi seli na kupanda kwa mishipa ya mmea hadi kwenye machipukizi, ndiyo maana jani jipya huweza kuchomoza likiwa safi.

Wapo wanaodhani kazi ya RNA hizi ni ulinzi tu. Sivyo: RNA fupi iitwayo miR156 huwa nyingi mmea ukiwa mchanga, na kupungua kwake ndiko kunakoufungulia njia ya kutoa maua, nyingine, miR399, nayo huongezeka fosfati inapoadimika, ikizima jeni inayobana ufyonzaji wake. Wala elimu hii haikuanzia kwa wanyama. Mwaka 1990 watafiti nchini Marekani walitaka kukoleza zambarau ya maua ya petunia, wakapata maua meupe. Ilikuwa miaka 8 kabla ya wanasayansi Fire na Mello kueleza uzimaji wa jeni kwa RNA ya nyuzi mbili katika minyoo.

Dhana yenye hasara kubwa kwa mkulima ni kwamba jani safi ni ushahidi wa mche usio na virusi, hivyo pingili zake zinafaa kwa mbegu. Virusi navyo hutengeneza protini za kuivuruga kinga hii, na kwa ugonjwa wa michirizi ya kahawia majani yanaweza kuonekana mazima huku muhogo ukioza chini. Mjomba aling'oa mche mwingine, wenye majani ya kupendeza, akaupasua muhogo kwa panga: katikati ya weupe palikuwa na doa la kahawia, kavu na gumu kama kizibo. Pingili za mche ule hakuzipanda.