Njia Iachwe Kabla Shamba Halijakatwa

Mimi ni mpangaji miji jijini Dar es Salaam, na swali ninaloulizwa mara kwa mara na wenyeviti wa serikali za mitaa ni lini barabara itafika mtaani kwao. Mara nyingi jibu liliamuliwa miaka mingi iliyopita, wakati shamba la mikorosho lilipoanza kukatwa vipande na kuuzwa.

Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu wapatao 356,000 katika mkoa huu. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo imeingia mashambani. Goba, Kivule na Chanika yalikuwa maeneo ya mihogo, minazi na mikorosho. Mwenye ekari 3 akipata mgonjwa wa kutibiwa au mtoto wa kusomesha, huuza kipande cha mbele. Akifariki, warithi hugawana kilichobaki, na kila mmoja huuza kwa wakati wake na kwa dalali wake. Mauziano huandikwa mbele ya mwenyekiti na mashahidi, mipaka ikitajwa kwa majina ya majirani na vipimo vikihesabiwa kwa hatua za miguu. Siudharau utaratibu huu hata kidogo, kwa sababu umewapatia watu wa kipato cha chini makazi ambayo wasingeyapata kamwe kwa kusubiri viwanja vilivyopimwa. Upungufu wake ni kwamba kila muuzaji anauza kiwanja, na njia haina mwenyewe.

Madhara yake huonekana wazi wakati wa masika. Katika mitaa iliyobanana ya mabondeni, ambako gari la kunyonya majitaka haliwezi kupenya, wenye nyumba hutapisha vyoo: mvua kubwa inaponyesha, hufungua tundu lililo ubavuni mwa shimo la choo, na kinyesi kinachukuliwa na maji ya mvua, kinapita mlangoni kwa jirani na hatimaye kinaingia mtoni. Watoto hucheza katika maji hayo hayo, na kipindupindu hupata njia. Ninakasirika ninaposikia watu hawa wakiitwa wachafu, ilhali kinachokosekana ni upana wa mita chache za kupitisha gari.

Miradi ya viwanja na huduma ya miaka ya 1970 ilionyesha kwamba kutenga njia kabla ya ujenzi kunawezekana. Sinza na Kijitonyama zilitengewa barabara kwanza, wananchi wakajenga baadaye kwa uwezo wao, na leo maeneo hayo yanabeba maghorofa na biashara ambazo hazikutarajiwa wakati ule. Manzese, ambayo ilikuwa imekwisha kujengwa, ilibidi iboreshwe ikiwa na watu ndani yake, kazi ambayo ni ngumu zaidi kwa sababu kila mita ya barabara inagusa kibaraza au chumba cha mpangaji. Leseni za makazi, yaani hati za muda kwa wenye nyumba katika maeneo yasiyopangwa, zilizoanza kutolewa mwaka 2004 ziliwapa wamiliki utambulisho, lakini karatasi peke yake haipanui uchochoro.

Ndiyo maana ninaona kazi kubwa iko vijijini, Kisarawe, Mkuranga na Kibaha, ambako jiji linaelekea. Katika sehemu nyingi za nchi, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, iliyowahamishia watu katika vijiji vya pamoja, ilipanga nyumba kandokando ya barabara, na lami ikifika, ardhi ya mbele ndiyo inayouzwa kwanza, huku mashamba ya nyuma yakifungiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti katika ugawaji wake. Mkutano huo unaweza kukubaliana, hata kabla mpima hajafika, kwamba njia za kwenda mashambani ziwe na upana wa kupishana magari mawili, zipandwe minyaa pande zote mbili, na kila hati ya mauziano itaje njia ambayo kiwanja kinapakana nayo. Kwa bei ya shamba ya leo, ukanda huo ni mistari michache ya mihogo.