Je, wajua kwa nini rafiki hupotea hadithi ya mapenzi inapokolea?

Chukua hadithi yoyote ya mapenzi kati ya zile zinazotumwa vipande vipande kwenye makundi ya WhatsApp, zinazokatika pale pale penye utamu kwa neno "Itaendelea". Sehemu ya kwanza utamkuta binti, tumwite Rehema, na shoga yake Mwajuma. (Shoga kwa maana ya pwani, rafiki wa kike wa mwanamke.) Wanasukana nywele, wanacheka, Mwajuma anauliza, "Eti yule kaka wa duka la simu kakwambiaje?" Rehema anajibu kurasa mbili. Sehemu ya nne Mwajuma anapiga simu kumwonya mwenzake asiharakishe mambo. Sehemu ya kumi hayupo. Hakuhama, hakufa, hawakugombana. Mwandishi kamsahau kama abiria anavyosahau mwavuli kwenye daladala, na atamwokota siku ya harusi, amevaa sare, anapiga vigelegele.

Mwandishi hakukusudia ubaya. Ukiangalia vizuri utaona kwamba ufundi wenyewe wa kusimulia unamvutia huko, kwa sababu mapenzi yana kalenda na urafiki hauna.

Mapenzi huja na vituo vyake tayari. Kuna kuonana, kuna barua ya posa, mshenga, mahari, kamati, ndoa. Mambo yakiharibika kuna talaka, kuna eda. Kila kituo kina siku yake na mashahidi wake, na msomaji anapanda gari akijua linakoelekea. Kinachomweka macho ni kutaka kujua kama watafika. Sasa urafiki, nani anaikumbuka siku ulipoanza? Hakuna anayekwenda kwa kadhi kumwandikisha shoga. Hata kuvunjika kwake hakuna talaka: watu wanaacha kupigiana simu, basi. Mtunzi anayetafuta tukio la kufunga sehemu ya tano anatazama upande wa mapenzi anaona matukio yamepangwa foleni, anatazama upande wa urafiki anaona wanawake wawili wanachambua mchele.

Wazee waliliona pengo hili kabla ya waandishi. Kuchanjiana damu kulikuwa njia ya kuupa urafiki siku yake. Buganda na Buhaya walitumia buni: tunda moja la kahawa lina punje mbili zilizolaliana, basi wawili wanagawana, damu ya mmoja inapakwa kwenye punje atakayoila mwenzake. Baada ya hapo wamekuwa ndugu. Kuna haki, kuna wajibu, kuna laana kwa atakayekiuka. Urafiki umepata cheti.

Na ukichunguza hadithi zilizofanikiwa kumbakiza rafiki hadi mwisho, utakuta mtunzi amefanya jambo lile lile, ameutafutia urafiki hati. Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwenye tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitia katika Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. (Jina la Kiingereza linamtaja mfanyabiashara mmoja. Mwalimu akawafanya wengi na kuwaita mabepari, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Hayo yana siku yake.) Wengi humkumbuka mkopeshaji Shylock na kisu chake. Lakini ukiisimulia harakaharaka ni hadithi ya posa: Bassanio anataka kumwoa Portia, binti tajiri wa Belmont, na hana fedha za kumfikisha huko kwa heshima. Anamwendea rafiki yake Antonio. Mali ya Antonio yote iko baharini, kwa hiyo anakopa dukati 3,000 kwa Shylock, muda miezi mitatu, na akishindwa kulipa atakatwa ratili moja ya nyama ya mwili wake.

Tazama kilichofanyika hapo. Urafiki sasa una saini, una tarehe ya mwisho, una gharama inayopimwa kwenye mizani. Kila hatua ya mapenzi kule Belmont inahesabiwa kwa saa ya Antonio kule Venisi. Bassanio anachagua kasha lililo sahihi kati ya matatu wanayowekewa wachumba, anapata mke, na kabla bibi harusi hajalala naye hata usiku mmoja barua inaingia: meli zimepotea, deni limeiva. Portia mwenyewe ndiye anayemhimiza aende.

Halafu inakuja pete. Portia alimvisha mumewe kwa sharti asiivue kamwe. Kisha anajigeuza mwanasheria wa kiume, anamwokoa Antonio mahakamani, na kuomba pete hiyo hiyo iwe ujira wake. Bassanio anakataa. Antonio anamsihi, naye anaivua. Nyumbani kesi inafunguliwa upya, na suluhu yake huniacha hoi kila mara: Portia hamrudishii mumewe pete mkononi. Anampa Antonio, ili Antonio ndiye ampe Bassanio.

Mchezo unakwisha na jozi tatu za wapendanao. Antonio hana wa kwake. Anapewa barua kwamba meli zake tatu zimefika bandarini salama. Wapo wanaoona amelipwa. Mimi naona mtu amesimama na karatasi mkononi huku wenzake wanaingia ndani.

Lakini kalenda peke yake haielezi kwa nini Mwajuma aliwekwa kwenye hadithi tangu mwanzo kisha akatupwa. Hilo lina asili yake jukwaani. Kwenye tamthilia hakuna msimulizi wa kutuambia kinachopita moyoni mwa mtu. Lazima aseme, na ili aseme lazima awepo wa kuambiwa. Watunzi wa tanzia wa Ufaransa wa karne ya 17 waliligeuza jambo hili karibu kuwa kanuni: shujaa alikuwa na msiri wake, na kazi kubwa ya msiri ilikuwa kuwa sikio. Wengi wao hata majina yao hayakumbukwi. Racine, mmoja wa watunzi hao, katika tamthilia yake Phèdre ya mwaka 1677, alimpa sikio mikono: Oenone, mlezi na msiri wa malkia, ndiye anayeshauri uongo utakaomwua kijana asiye na hatia, na malkia anapomfukuza anajitosa baharini. Huyo huwezi kumsahau.

Riwaya haina shida hiyo ya jukwaa. Msimulizi anaweza kuingia moyoni mwa Rehema bila kubisha hodi. Sikio halihitajiki tena, ila mazoea yamebaki, ndiyo maana Mwajuma yupo mwanzoni, tunapohitaji kuambiwa Rehema anajisikiaje, na hayupo tukishajua. Walimu wetu wa fasihi wana jina la mtu wa namna hii, mhusika shinda, anayesimama kati ya bapa (asiyebadilika) na duara (anayebadilika) na kujengwa kwa kumwegemea mwingine. Neno lenyewe ni la mtungini: chombo kilicho shinda hakijajaa, wala si kitupu. Mwaka 1985 mchoraji katuni wa Marekani, Alison Bechdel, alitoa kipimo cha filamu ambacho tangu hapo kimezunguka dunia nzima: je, wamo wanawake wawili, wanaozungumza wao kwa wao, kuhusu jambo lisilo mwanamume? Kipime kwa Rehema na Mwajuma. Sehemu kumi, na hakuna mstari hata mmoja usiomrudia yule kaka wa duka la simu.

Kuna shoga asiyepotea, ni kweli. Huyo amebakizwa kwa kazi moja tu, kumpora mwenzake mchumba. Hapo ndipo tunapokuta mazoea mengine, yale ya kudhani kwamba mapenzi na urafiki vikikaa chumba kimoja lazima kimoja kimle mwenzake. Mazoea haya ni ya kale kupita kiasi, na ushahidi wake tunao wenyewe.

Edward Steere, mmisionari Mwingereza, aliandika hadithi alizosimuliwa Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870. Mojawapo wengi mnaijua. Kima na papa ni marafiki. Mkuyu umeinamia bahari, kima anakula kuyu juu na kumtupia mwenzake chini. Siku moja papa anamkaribisha kwao, anambeba mgongoni, na wakiwa njiani anamwambia ukweli: sultani wao hawezi, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba wao wakisafiri huiacha mioyo mitini, basi warudi waufuate. Akishaupanda mkuyu hashuki tena. Anabaki kumpa papa kisa cha punda wa dobi, asiye na moyo wala masikio.

Hadithi hiyo ina ndugu zake ng'ambo. Katika Panchatantra ya India rafiki wa majini ni mamba. Katika Kalila na Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu karne ya 8, ni kobe, na mti ni mtini. Kote huko anayeutaka moyo si sultani. Ni mke. Mume anashinda kwa rafiki, nyumbani harudi kwa wakati, wivu unampanda. Kwenye toleo la Kiarabu anajifanya mgonjwa, na dawa inakuwa moyo wa yule yule anayemchukulia mumewe. Ilipofika kwenye kitabu cha Steere, mke hayupo. Kiti chake kakikalia sultani.

Kwa upande mmoja nalipenda toleo la Unguja, maana linaonyesha kwamba urafiki unaweza kuibeba hadithi nzima bila mapenzi kutajwa hata kwa bahati mbaya. Lakini wapwani wenzangu mniwie radhi, kwa ujenzi wa mhusika kobe anamshinda papa. Papa ametumwa, basi. Kobe anasimama katikati ya maji, hasemi. Nyuma ya mgongo wake kuna rafiki, mbele yake kuna mke, na wote wawili anawapenda kweli. Mpaka kima anauliza, mbona umesimama? Katika ukimya ule kobe anakuwa mtu. Hadithi za simu zimerithi wivu wa mke na kukiacha kile kisimamo cha kobe majini, ambacho ndicho chenye thamani.

Lugha, kwa bahati, inatupa vifaa kuliko tunavyovitumia. Rafiki, sahibu, mwandani, msiri, somo, mshenga, mpambe: kila jina lina kazi yake. Mwandani ametoka ndani. Somo mnachangia jina, na pwani ndiye anayemfunda mwali. Mshenga anabeba maneno ambayo mwenye mapenzi hawezi kuyatamka mwenyewe mbele ya wazee. Kinachotuharibia ni kineno kimoja kidogo, "tu". "Huyu ni rafiki tu." Sijawahi kumsikia mtu akisema, "Huyu ni mke tu," akabaki na mke.

Basi tumrudishe Mwajuma. Anakaanga maandazi alfajiri na kuuza kituoni. Yumo kwenye kikoba, na mgao wa mwezi huu ndio wa kununulia cherehani aliyoisubiri mwaka mzima. Mwezi huo huo kamati ya harusi ya Rehema imepitisha sare: kitenge, gharama ya fundi, na kadi ya mchango juu yake. Hakuna aliyemwuliza. Sasa tunayo hati yetu. Kuna kiasi, kuna tarehe, na kuna watu wawili ambao hakuna aliye mbaya kati yao. Mwajuma akilipa, cherehani inangoja mzunguko mwingine. Asipolipa, atasimama wapi siku hiyo, miongoni mwa wageni waalikwa? Na Rehema akilijua hilo atamwambia nini mama mkwe, aliyekichagua kitenge kwa mkono wake?

Hata bwana harusi ananufaika. Mpaka sehemu ya kumi tulikuwa tunajua kwamba ni mtanashati na ana duka. Sasa Rehema anamweleza habari ya cherehani, naye, macho kwenye simu anayoitengeneza, anajibu, "Mwache, si rafiki tu?" Msomaji amelisikia lile "tu". Rehema naye kalisikia. Hapo mapenzi yenyewe yana swali jipya ambalo posa, mahari na kamati havikuweza kuliuliza.

Tukio linalofuata ningeliweka saa kumi na moja alfajiri, uani kwa Mwajuma. Rehema kafika bila kupiga simu, kadi ya mchango imo kwenye mkoba. Mafuta yameshapata moto. Mwajuma hajageuka.

"Nikusaidie kusukuma?"

"Nawa mikono kwanza."